Kilo Sita Chini ya Daraja

Daraja la Ibach, karibu na mji wa Lucerne nchini Uswisi, lilikamilika mwaka 1969. Ni daraja la zege lenye urefu wa mita 228, na ndani ya zege lake zimepita kebo za chuma zilizovutwa kwa nguvu wakati wa ujenzi, ili mhimili ukae umejikaza hata kabla gari la kwanza halijapita juu yake. Miaka ishirini na ushei baadaye wakaja mafundi kufunga ishara mpya za barabarani. Katika kutoboa zege wakatoboa pasipotakiwa. Kebo moja ya ubavuni ikaguswa, na nyaya zake kadhaa zikakatika kabisa.

Daraja halikuporomoka. Lakini malori yale yanayobeba mizigo mikubwa isiyo ya kawaida, ambayo hayapiti mpaka yapewe kibali, yalinyimwa kibali hadi hapo daraja litakapotengenezwa. Na kulitengeneza kulikuwa na kizungumkuti chake: sehemu iliyojeruhiwa, yenye urefu wa mita 39, inapita juu ya barabara kuu ya A2, uti wa mgongo wa usafiri kati ya kaskazini na kusini mwa nchi ile. Huwezi kuijaza barabara hiyo miti na majukwaa ya fundi wiki baada ya wiki.

Dawa iliyozoeleka enzi zile ilikuwa kubandika bamba la chuma chini ya mhimili. Hapo Ibach hesabu ilitaka chuma cha kilo 175. Badala yake, mwaka 1991, mafundi walipandishwa usiku kwa gari lenye jukwaa la kuinuka, wakiwa na tepe tatu nyeusi. Kila utepe ulikuwa na urefu wa mita 5 na upana wa milimita 150. Mbili zilikuwa na unene wa milimita 1.75, wa tatu milimita 2. Uzito wa zote tatu kwa pamoja ulikuwa kilo 6.2. Mtu mmoja angezibeba begani akapanda nazo ngazi. Wakazibandika kwa gundi, gundi ikakauka, kisha likapitishwa gari la tani 84 kulijaribu daraja, nalo likastahimili.

Kila anayeandika juu ya kazi hii huanza na kumaliza na ulinganisho huo, kilo 6 dhidi ya kilo 175. Ni ulinganisho halali na mimi mwenyewe nimeutumia hapa. Ila unamfanya msomaji adhani kwamba ustadi wote umo ndani ya ule utepe mweusi, kana kwamba ukishaununua umemaliza. Ninachokistaajabia mimi kiko chini yake: ile milimita moja au mbili za uso wa zege la zamani, na mikono iliyouandaa.

Tuanze hata hivyo na utepe, maana nao una sifa zake. Uzi wa kaboni hutengenezwa zaidi kutokana na plastiki iitwayo poliakrilonitrili, ndugu wa karibu wa zile nyuzi za akriliki zinazofumwa sweta. Kule Osaka, Japani, Akio Shindo ndiye aliyeonyesha, karibu na mwaka 1960, kwamba plastiki hiyo ikichomwa kwa utaratibu inabaki uzi wa kaboni wenye nguvu. Kwanza nyuzi hupashwa moto hewani, nyuzi joto 200 hadi 300, mpaka zigeuke rangi na kuacha tabia ya kuyeyuka. Kisha huingizwa kwenye tanuri lisilo na oksijeni, joto likapanda kupita nyuzi 1,000, na karibu kila kisicho kaboni kikatoka kama gesi. Muda wote huo zinavutwa, ili chembe zake zijipange kufuata urefu wa uzi. Kinachobaki ni uzi wenye kipenyo cha maikroni 5 hadi 7. Unywele wa mtu una unene wa mara kumi ya huo.

Nyuzi kama 12,000 au 24,000 hukusanywa pamoja, na mafungu hayo ndiyo yanayopelekwa kiwandani kufanywa ama utepe mgumu ama kitambaa laini. Utepe ni nyuzi zilizokwisha kuloweshwa gundi na kukaushwa. Hufika kazini umeviringishwa, na ukifunguliwa bila kushikwa vizuri hufyatuka na kuweza kumjeruhi mtu. Kitambaa hufika kikavu, na gundi hukikuta kazini.

Sasa hesabu kidogo. Chukua utepe wa kawaida wenye upana wa milimita 100 na unene wa milimita 1.2. Kwa nguvu ya niutoni 2,800 hivi kwa kila milimita mraba, utepe huo ukivutwa peke yake maabara hukatika kwenye mvuto wa tani kama 34. Nondo ya kawaida ya ujenzi huanza kurefuka pasipo kurudi kwenye niutoni 500 tu kwa milimita mraba. Matangazo ya wauzaji huishia hapo. Yasichosema ni kwamba utepe umegandishwa kwenye zege, na zege likivutwa huachia kwenye niutoni mbili au tatu tu kwa milimita mraba. Elfu mbili mia nane upande mmoja, mbili upande wa pili. Ndiyo maana utepe wa kaboni uliobandikwa chini ya bimu karibu kamwe haukatiki. Bimu ikizidiwa, utepe hubanduka, na hubanduka ghafla kwa mlio mmoja, ukiondoka na ngozi ya zege imeng'ang'ania kwenye gundi. Wahandisi wanalijua hilo, kwa hiyo katika hesabu zao huuruhusu utepe kufanya kazi kwa sehemu tu ya uwezo wake, mara nyingi theluthi moja au chini ya nusu. Wala kurefusha utepe hakusaidii sana: mwisho wake ukishashika zege kwa sentimita ishirini, thelathini hivi, kuongeza urefu zaidi ya hapo hakuongezi nguvu ya kushika.

Kwa hiyo kazi yote inategemea kama uso wa zege utakubali kushikwa.

Hili walilijua mapema walioanzisha fani. Nchini Ufaransa, katika miaka ya 1960, L'Hermite na Bresson walikwisha kubandika mabamba ya chuma kwenye zege kwa gundi ya epoksi, na njia hiyo ikaenea. Lakini bamba la chuma ni zito, lazima liegemezwe kwa miti mpaka gundi ishike. Haliwezi kuwa refu sana, kwa hiyo lazima liungwe. Baya zaidi, kutu inaweza kuanza kati ya bamba na gundi, mahali jicho halifiki. Katikati ya miaka ya 1980, Urs Meier na wenzake wa EMPA, maabara ya taifa ya Uswisi ya kupima vifaa iliyoko Dübendorf karibu na Zürich, wakaanza kujaribu kaboni badala ya chuma. Kilo ya kaboni ilikuwa ghali mno ukiiweka kando ya kilo ya chuma. Meier akaligeuza swali: usitazame bei ya kilo, tazama bei ya kazi nzima. Ukiondoa majukwaa, winchi, miti ya kuegemezea na siku za kufunga barabara, kaboni inajilipia. Mwaka mmoja baada ya Ibach, tepe hizo zilibandikwa kwenye daraja la mbao lenye paa pale Sins, lililojengwa mwaka 1807, zama za farasi na mikokoteni. Mbao za karne ya kumi na tisa zikapewa msaada na uzi wa karne ya ishirini, na daraja likabaki na sura yake.

Basi tumfuate fundi kazini. Siku za kwanza hagusi kaboni kabisa. Ana grinda yenye diski ya almasi, au mashine ya kupuliza mchanga, na anachokitafuta ni kuondoa ule utando wa simiti ulioelea juu zege lilipomwagwa, pamoja na rangi, lipu, grisi na masizi. Utando huo ni laini na dhaifu, na gundi ikiushika itakuwa imeshika kitu ambacho chenyewe hakijashikwa. Anasaga mpaka kokoto zianze kuonekana, si kuchomoza, kuonekana tu. Kisha anaweka rula ndefu ya chuma juu ya uso na kuangalia mwanga unapenya wapi chini yake. Palipo na bonde anajaza kwa epoksi nzito kama lipu, palipo na mwinuko anarudia kusaga. Uso ukiwa na mawimbi, utepe unaovutwa utataka kunyooka, na kila mahali unaponyooka utakuwa unajing'oa kutoka kwenye zege. Mwisho vumbi hufyonzwa kwa mashine. Kufagia hakutoshi, maana ufagio huacha unga ndani ya vitundu.

Baada ya hapo huja kipimo ninachokipenda kuliko vyote katika fani hii, kwa jinsi kilivyo cha kweli. Kidude cha chuma cha mviringo, kipenyo milimita 50, hugandishwa kwenye zege kwa gundi. Zege hukatwa duara kukizunguka ili kibaki kimeshika kipande chake tu. Kisha hufungwa kifaa cha kuvuta, na fundi anazungusha mkono taratibu huku akitazama mshale, mpaka kitu kikatike. Mwongozo wa Marekani unaojulikana kwa jina la ACI 440.2R unataka angalau niutoni 1.4 kwa kila milimita mraba, na kwa kidude cha ukubwa huo ni mvuto wa kilo 280 hivi. Lakini namba peke yake haitoshi. Fundi anakigeuza kidude na kukisoma uso. Kikiwa kimetoka na zege, kokoto zimepasuka katikati, amefurahi: gundi imelishinda zege. Kikiwa kimetoka kisafi na kung'aa, gundi haikushika, na hata kama mshale ulifika mbali hatakubali. Na zege likishindwa kipimo hiki kwa uchakavu wake, hakuna utepe utakaolisaidia. Ni afadhali kuambiwa hivyo mapema kuliko kubandika.

Siku ya kubandika fundi huanza kwa kutazama hewa. Uso wa zege lazima uwe na joto linalozidi kiwango cha umande kwa nyuzi 3 au zaidi, la sivyo unyevu usioonekana utatanda juu yake na gundi itashika maji. Kisha anapima gundi. Epoksi huja katika makopo mawili, utomvu na kigumishi, na uwiano wake si wa kukadiria kwa macho. Hupimwa kwa mizani na kukorogwa polepole ili isivute hewa, hadi michirizi ya rangi mbili iishe na kubaki rangi moja. Kuanzia hapo saa inakimbia. Epoksi ikichanganyika hutoa joto lake yenyewe, na ikiwa nyingi ndani ya ndoo joto hilo huikausha mapema zaidi. Fundi mwenye uzoefu huchanganya kidogo kidogo na kuimwaga kwenye chombo kipana. Mgeni huchanganya ndoo nzima, na mchana wa joto ndoo hiyo huanza kutoa moshi kabla hajafika nusu ya kazi.

Utepe hufutwa kwa kitambaa chenye kiyeyushi, ukafutwa tena, mpaka kitambaa kitoke bila weusi. Gundi hupakwa juu yake kwa kisanduku chenye mdomo wa pembe, ili irundikane katikati na kupungua kandokando, kama mgongo wa paa. Sababu yake ni nzuri sana: utepe ukigandamizwa, katikati ndiko kunakogusa kwanza, na hewa inasukumwa nje kulia na kushoto. Ungepakwa sawasawa, hewa ingenaswa katikati pasipo pa kutokea. Halafu watu wawili au watatu huuinua, huutuliza kwenye mstari uliochorwa kwa chaki, na mmoja anapita na rola ya mpira mgumu akigandamiza kutoka upande mmoja kwenda mwingine, hadi gundi ibubujike pande zote mbili kwa mstari unaolingana. Mstari ukikatika mahali, pana upungufu hapo, anarudi. Gundi iliyobubujika hukwanguliwa kabla haijakauka. Utepe wenyewe hauegemezwi na chochote. Unakaa darini kwa mnato wa gundi mbichi, na kesho yake ni mgumu.

Kesho yake pia ndipo fundi anapopita na nyundo ndogo au sarafu, akigonga kila sentimita chache na kusikiliza. Palipojaa hutoa mlio mfupi na mkali, na penye uwazi hutoa mlio wa debe. Huzungushia chaki kila anaposikia uwazi. Mwongozo uleule wa ACI unavumilia viputo vidogo, chini ya milimita mraba 1,300, kitu kama sentimita tatu na nusu kwa tatu na nusu, ilimradi visiwe vingi. Kikizidi milimita mraba 16,000, kipande hukatwa na kiraka kubandikwa. Kati ya hapo hutobolewa tundu na kudungwa gundi kwa sindano. Siku hizi kuna kamera za joto zinazoonyesha viputo kwa rangi, lakini mafundi bado hugonga.

Kitambaa kina ustadi wake tofauti, na kilipata umaarufu wake Japani. Alfajiri ya Januari 17, 1995, tetemeko liliupiga mji wa Kobe na vitongoji vyake, likaua watu zaidi ya 6,000. Picha iliyozunguka dunia ilikuwa ya barabara ya juu ya Hanshin, ambapo kipande chenye urefu wa mita 600 na zaidi kililala ubavu, nguzo zake zimekatika. Nguzo nyingi za zama zile zilijengwa na ringi chache, zile nondo nyembamba zinazozungushwa kufunga nondo za wima, na katika baadhi yake nondo za wima zenyewe ziliishia katikati ya kimo ili kuokoa chuma. Uchunguzi uliofuata ulizirudia kasoro hizo mbili tena na tena. Kulikuwa na maelfu ya nguzo za namna hiyo ambazo bado zilikuwa zimesimama, na kazi ya kuzizungushia mabamba ya chuma au kitambaa cha kaboni ikapamba moto.

Kitambaa kinafanya nini? Zege likikandamizwa kutoka juu hutaka kutanuka ubavuni, na kutanuka huko ndiko kunakolivunja. Mchele uliomwagwa chini hutawanyika ukiukanyaga, lakini uleule ukiwa ndani ya gunia lililoshonwa unabeba magunia mengine juu yake. Nguzo iliyofungwa kaboni kuizunguka inanyimwa nafasi ya kutanuka, kwa hiyo inabeba zaidi, na tetemeko likiitikisa inakunjika na kurudi pasipo kumeguka. Kitambaa cha gramu 200 kwa mita mraba kina kaboni ya unene wa milimita 0.11 tu. Zungusha tabaka mbili tatu, paka rangi, na nguzo haionekani kuongezeka.

Lakini kona! Nguzo ya mraba ina kona nne, na uzi wa kaboni, unaostahimili mvuto wa kutisha kufuata urefu wake, ni dhaifu ukikunjwa kwenye ncha kali. Kwa hiyo kabla ya kufunga, fundi huviringa kila kona kwa grinda, kutoka chini hadi juu, kwa mviringo ambao nusu-kipenyo chake hakipungui milimita 13. Hukagua kwa kipande cha bati kilichokatwa kwa umbo hilo, akikiteremsha konani kama anayepiga pasi. Kisha zege hupakwa gundi nyepesi ya kunyonywa, mashimo huzibwa, gundi ya kulowesha ikapakwa, kitambaa kikalazwa kikiwa kimenyooka, na rola yenye mifereji ikapitishwa kufuata uelekeo wa nyuzi, kamwe si kuukata. Kitambaa kikavu kina rangi ya kijivu cheusi kilichofifia. Gundi ikipenya kutoka nyuma huwa cheusi cha kung'aa. Fundi hutazama mng'ao huo ukipanda, na pale unapokwama ndipo anapoongeza mkono. Uzi uliopinda haufanyi kazi mpaka unyooke kwanza, na ukishanyooka huenda nguzo imekwisha kupasuka.

Nimesifu sana, kwa hiyo niseme na yasiyosifika. Epoksi zinazokaukia kazini huanza kulegea kwenye joto la nyuzi 60 hadi 80. Moto wa nyumba hufika huko ndani ya dakika chache. Mwongozo unalikiri hilo bila kuficha: unataka zege la zamani, peke yake, kaboni ikihesabiwa kuwa haipo, liweze bado kubeba uzito wake wote na nyongeza kidogo, pamoja na robo tatu ya mzigo wa watu na vitu. Kwa maneno mengine, jengo ambalo lingeanguka leo bila kaboni halistahili kutegemezwa na kaboni peke yake. Jua nalo huitafuna epoksi, kwa hiyo utepe ulio nje lazima upakwe rangi ya kuukinga, na nchi za joto rangi hiyo afadhali iwe nyeupe. Kaboni inapitisha umeme. Ikigusa chuma penye unyevu huharakisha kutu ya chuma hicho, ndiyo maana huwekwa tabaka la nyuzi za kioo katikati. Vumbi lake likiingia kwenye mota ya grinda huweza kuipiga shoti, na likiingia kifuani halina faida yoyote.

Na kuna kutu. Hapa msomaji wa Tanga, Mombasa au Unguja anaelewa kuliko msomaji wa Lucerne. Zege la pwani, hasa lililochanganywa mchanga wa bahari usiooshwa, hubeba chumvi ndani yake. Chumvi ikifika kwenye nondo, nondo huota kutu, kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, na zege linapasuka kwa mistari inayofuata nondo hadi linameguka vipande. Kila mtu wa pwani amewahi kuona baraza lenye nondo zilizo uchi. Kuizungushia kaboni nguzo ya namna hiyo kabla ya kuitibu ni kuficha ugonjwa. Chumvi imebaki ndani, kutu inaendelea, na sasa hakuna nyufa za kukuonya. Nyumba njema si mlango. Kazi ya kweli ni kubomoa zege bovu hadi nyuma ya nondo, kusafisha au kubadilisha chuma, kujaza upya, kusubiri likomae, ndipo mtu azungumzie kaboni.

Ndiyo sababu fundi wa kazi hii hunivutia zaidi ya kifaa chake. Sehemu kubwa ya muda wake anaitumia katika mambo ambayo hakuna atakayeyaona tena: kusaga, kufyonza vumbi, kupima umande, kupima gundi kwa mizani, kuviringa kona. Ikishapakwa rangi, nguzo iliyoandaliwa kwa siku nne na nguzo iliyobandikwa juu ya vumbi zinafanana kabisa kwa macho, na huenda zikafanana kwa miaka. Tofauti yake itajulikana siku ya tetemeko, au siku lori zito litakapopita.

Kama una jengo na umeambiwa linahitaji kaboni, usianze kwa kuuliza bei ya mita. Uliza nondo zina hali gani na nani amezipima. Omba kuona vile vidude vya kipimo cha kuvuta, uvigeuze mwenyewe uangalie kama vimetoka na zege. Omba kumbukumbu ya joto na unyevu wa siku ya kubandika. Na kabla rangi haijapakwa, nenda na sarafu yako, gonga.